Anayekaa Kushoto Ndiye Hufungua Geti

Ranchi ya Yarrakoo
Jumatano, 1 Julai 1987

Mwanangu Leonie,

Pokea salamu za mama yako, na za kuku, na za kila kinachopumua hapa. Mimi sijambo, magoti tu asubuhi yanakataa kuamka pamoja nami. Baridi imekaza, juzi maji ya mbwa yaliganda kwenye sufuria. Baba yako hajambo. Ule mguu aliolaliwa na farasi unamsumbua, lakini ukimuuliza mguu unasemaje anakuuliza mguu gani. Wewe je? Unakula? Unalala? Bado unaendesha lile basi? Huwa nawaambia vijana hapa kwamba mwanangu hubeba watu sitini kwa safari moja, wananiambia Mama Ivy, punguza.

Nakuandikia kwa haraka kwa sababu ndege ya posta inakuja kesho na habari hii sitaki uisikie kwa mtu mwingine. Yarrakoo imeuzwa. Mzee mwenye mali alikufa, watoto wake wako mijini na hakuna hata mmoja anayejua ng'ombe hulala upande gani. Wenye ranchi wapya wanakuja na meneja wao na wachungaji wao, na ng'ombe watakusanywa kwa helikopta. Sisi tumeambiwa tuondoke mwisho wa Novemba, kabla ya mvua. Tumepata kanyumba mjini Cloncurry, kana majirani kulia na kushoto. Nitamsikia mtu akikohoa ambaye hata simpikii.

Mwanangu, ni miaka tisa hujakanyaga hapa. Sikulaumu. Lakini hawa wapya watatumia barabara ya kusini, na njia yetu ya mageti itaachwa. Unajua njia ile: ikikosa magari kwa mvua mbili tu inarudi kuwa pori. Njoo uipite mara moja tukiwa bado tupo mwisho wake. Mimi nitapika, wewe utakula, basi.

Usiposti pesa. Jilete.

Mama yako,
Ivy


Brisbane
19 Julai 1987

Mama,

Shikamoo, na hongera kwa hayo magoti yanayoamka hata kwa kuchelewa. Mimi ni mzima, nakula, nalala, ingawa zamu ya alfajiri inanila mimi zaidi ya ninavyokula. Barua yako niliisomea kituo cha mwisho, basi likiwa tupu isipokuwa bibi mmoja wa viti vya nyuma. Aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia nyumba yetu imeuzwa. Akasema pole, ilikuwa na vyumba vingapi? Kitalu kimoja tu cha malisho cha Yarrakoo kingemeza mtaa wake wote na kanisa lake.

Nataka kuja, Mama. Nataka sana. Nina gari langu dogo, linaweza. Niandikie ile njia, maana nikifumba macho naiona vipande vipande, na mara ya mwisho niliiona kwa juu, nimekaa kwenye ndege ya posta na sanduku miguuni.

Jambo moja tu, na naomba unijibu. Baba sasa anajua kilichotokea kwenye geti mwaka ule? Au bado anajua kile alichoambiwa?

Mwanao,
Leonie


Ranchi ya Yarrakoo
Jumatano, 29 Julai 1987

Mwanangu Leonie,

Salamu kwa mikono miwili. Tu wazima, baridi imelegea kidogo. Barua yako ilinifurahisha mpaka nikaunguza nyama ya chumvi ya watu kumi na wawili. Waliila hivyo hivyo. Percy akasema mbele ya wachungaji wenzake, leo Mama Ivy nyama yako imevuta sigara.

Umeuliza njia. Ramani mimi siijui kusoma, lakini njia ile naijua kama mfuko wa aproni yangu. Jaza mafuta Cloncurry. Beba spea mbili, moja haitoshi, na madumu mawili ya maji. Gari likikwama usiliache hata kama unaona nyumba kwa mbali, si nyumba hiyo, ni joto. Kaa kwenye kivuli cha gari. Anayekutafuta ataona gari kabla hajakuona wewe. Na ukikuta vumbi limelala sawa kama unga kwenye sinia, chini yake kuna shimo, pita pembeni.

Geti la kwanza ni pale lami inapoishia, nguzo zake zimevikwa buti chakavu. Buti moja la baba yako limo, la mguu wa kulia, la kushoto alikataa kulitoa akasema bado. La pili lipo kwenye mchanga, ulipoumwa na sisimizi ukiwa na miaka minne ukalia mpaka la tatu. La tatu ni zito, linyanyue kwa bega ndipo ulisukume. La nne lina pampu ya upepo na birika la ng'ombe. Hapo ndipo tulipokuwa tukichemsha chai kwenye kopo na wewe ukinisomea masomo uliyopewa na mwalimu wa redioni. Nikuambie kitu? Kila asubuhi ulipokaa mbele ya ile redio mimi nilikaa nyuma yako nikijifanya nashona. Nilikuwa nafuatisha herufi. Barua hii unayoisoma ilitoka kwenye shule yako.

La tano liko bondeni. Ng'ombe wa pale hawaogopi gari, watasimama njiani wakikutazama kama wajumbe wa kikao. Usiwapigie honi. Zima injini ungoje, watachoka wao. Ukitoka hapo unapanda kilima chekundu mpaka penye mti uliopasuliwa na radi, geti la hapo lina waya badala ya mnyororo. Halafu mawili ya karibu karibu, yale ambayo baba yako alipokuwa mnyapara kijana wa ranchi ya jirani alikuwa akiyafungua bila kushuka kwenye farasi, akija kunitazama nikianika nguo. Alidhani simwoni. Halafu mto mkavu na mageti yake mawili, moja kila ukingo, vuka kwa gia ndogo na usisimame katikati. La mwisho ni letu. Utaniona, nitakuwa nimelishika.

Hilo la baba yako lisikusumbue. Ukishafika, ukala, ukalala, maneno yatapata njia yenyewe. Si unamjua alivyo.

Nimekutandikia kile kitanda cha barazani.

Mama yako,
Ivy


Brisbane
16 Agosti 1987

Mama,

Shikamoo. Ninatumaini barua hii inakukuta na nguvu, maana sitaiandika kwa kupamba.

Nimeyahesabu. Umeniandikia mageti kumi na moja. Yako kumi na mawili. La sita umeliruka.

Acha nilitaje mimi. Oktoba mwaka wa sabini na nane tulikuwa tunarudi kutoka kwenye mashindano ya farasi mjini. Baba alikuwa amenikataza kugusa usukani wa gari la ranchi mpaka nitimize miaka kumi na minane. Wewe ulinipa usukani kuanzia geti la kwanza. Nilikuwa na furaha ambayo mpaka leo nikiwasha basi asubuhi huwa inanipitia. Mimi kulia naendesha, wewe kushoto na kofia yako ya mashindano, na anayekaa kushoto ndiye hushuka kwenye mageti. Huko hakuna mtu anayeuliza kwa nini.

La sita tulilikuta wazi, limefungiwa kwenye nguzo lisijirudishe. Ukasema ni wale watalii tuliopishana nao, wenye nyumba ya kukokota nyuma ya gari, watu wasio na adabu ya mageti. Nikapita. Nikakuambia, Mama, lililo wazi huachwa wazi. Ukashuka, ukalifunga.

Hatukujua kwamba tukiwa mjini pampu ya kitalu kile ilikufa, na wachungaji walilifungua ili ng'ombe wapite kunywa upande wa pili. Baba alirudi siku ya tano kutoka mpakani. Ng'ombe arobaini na watatu walikuwa wamelala kando ya waya, pua zao zikielekea maji. Waliokuwa bado wanapumua aliwamaliza mwenyewe kwa bunduki.

Mezani hakuuliza nani alifunga geti. Aliuliza nani alikaa kushoto. Wote wakanitazama mimi, kwa sababu dereva alijulikana kuwa wewe. Na mimi nikakutazama wewe. Ulikuwa unakata mkate. Ukaendelea kukata mkate.

Nikasema nilikuwa mimi. Baba akasema mbele ya wachungaji wote, "Kumbe nimelea mtalii."

Baba alikuwa atoke unyapara awe meneja mwaka ule, na kwa sababu ya ng'ombe wale hakuwa. Na mimi niliona afadhali niondoke mimi ninayeweza kuondoka. Sikukuchukia, Mama. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nilidhani ni zawadi ninakupa. Lakini zawadi hiyo imekuwa nzito na mimi nimechoka kuibeba.

Likizo yangu inaanza tarehe 7 Novemba. Ukimwambia Baba, nitakuja. Usipomwambia, nitawatembelea Cloncurry siku nyingine, na Yarrakoo nitaiacha iende. Siwezi kula tena kwenye meza ile nikiwa mtalii.

Mwanao,
Leonie


Ranchi ya Yarrakoo
Jumatano, 16 Septemba 1987

Mwanangu Leonie,

Salamu, na usinihesabie ndege zilizoondoka bila barua yangu. Afya ipo. Usingizi ndio sina.

Mara tatu nilianza kumwambia. Mara ya kwanza akalala. Mara ya pili Dooley akaingia kutoka kambi ya wachungaji kuomba chumvi. Ya tatu nilifungua mdomo nikamuuliza kama anataka chai.

Jumatatu alitaka tukatazame birika la kitalu cha kati, kama linavuja kabla hatujakabidhi. Siku hizi kwa mguu ule naendesha mimi na nashuka mimi. Tukafika la sita. Lilikuwa limefungwa. Nikashuka, nikashika mnyororo, nikashindwa kuufungua. Si kwamba ulikwama, ulikuwa mlegevu kabisa. Nilisimama tu, nzi wananijaa usoni. Akateremsha kioo akasema, "Ivy, geti limekushinda?"

Nikamwambia nikiwa nimempa mgongo. Nilisema, "Nililifunga mimi. Leonie alikuwa anaendesha, mimi ndiye nilikaa kushoto. Aliniambia niliache, sikumsikia."

Nikageuka kumtazama. Akasema, "Najua."

Nikamuuliza unajua nini, Merv?

Sasa nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, sitaki kuyapunguza. Alisema, "Mimi huokota nyayo za ndama mmoja kwenye kundi la mia nne. Viatu vyako vya mashindano vina kisigino kama kifuniko cha chupa. Vilikuwa upande wa nyumbani wa geti, ambako ng'ombe hawakukanyaga tena. Vilitoka kushoto kwa gari, vikarudi kushoto kwa gari. Nilijua kabla sijafika mezani."

Nikamuuliza sasa kwa nini ulimtukana mtoto. Akasema aliuliza lile swali ili mimi nijibu. Mtoto aliponitangulia, yeye alisema lile neno la mtalii akitegemea nitashindwa kuvumilia, niseme. Sikusema. Akangoja kesho yake. Akangoja wiki. Mtoto akapanda ndege. Baada ya hapo, anasema, ikawa aibu yake na yeye, kwamba alijua na alimwacha aende, na aibu ya watu wawili ni nzito kutajwa kuliko ya mmoja.

Nilimpiga, Leonie. Kwa kofia yangu, dirishani. Hakujikinga. Halafu nikakaa chini mchangani kwa sababu niliona ninampiga kwa kosa ambalo ni langu.

Kwa hiyo uliuliza kama Baba anajua. Jibu ndilo hilo. Tulikubebesha, wazee wawili, kila mmoja akimtazama mwenzake nani ataanza. Msamaha sitauomba kwa barua. Karatasi haioni haya. Nikikuona nitakuomba kwa mdomo, kama utataka nikuone.

Najua habari hii huenda ikakufunga njia badala ya kuifungua. Lakini uliniambia niseme kweli, na kweli ilikuwa na mguu mwingine ambao hata mimi sikuujua.

Mama yako,
Ivy


Ranchi ya Yarrakoo
Jumatano, 21 Oktoba 1987

Mwanangu,

Salamu popote zitakapokukuta. Alhamisi nne rubani amenipa mfuko wa posta na mimi nimeumwaga wote mezani, hata magazeti nimeyakung'uta. Sikulalamikii. Mimi nilikaa kimya miaka tisa, wewe mwezi mmoja.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo la Jumapili. Wachungaji wote walikuwepo, msimu wa kukusanya ng'ombe umeisha. Wa zamani wamebaki Dooley na Percy tu, wengine ni vijana wanaokujua kwa jina tu. Baba yako akagonga kikombe kwa kijiko. Unajua hajawahi kuhutubia hata ng'ombe. Akasema, "Hapa mezani, miaka tisa iliyopita, nilimwita binti yangu mtalii. Hakuligusa geti lile. Nilijua, na nikanyamaza."

Hakunitaja mimi. Aliacha nafasi, akanitazama. Mkate ulikuwa mbele yangu na kisu mkononi. Nikakiweka chini nikasema lilikuwa kosa langu, nililifunga mimi, na mwanangu alilibeba nikimwona.

Halafu Dooley, si unamjua, akapaka siagi yake taratibu mpaka pembeni, akasema, "Mama Ivy, ile siku tulizunguka pale watu sita. Mnyapara alipoona nyayo, sisi macho yetu yalikuwa likizo? Tuliona sote. Tukasema mambo ya nyumba ya watu hayo."

Percy akaitikia kwa kichwa na mdomo umejaa. Nilitaka sakafu inimeze, sakafu ikakataa.

Baadaye barazani baba yako alitazama mawingu ya kaskazini, yameanza kukusanyika, hayana maji bado. Akasema nikuandikie hivi: kama utakuja, yeye ataletwa geti la kwanza na Percy, atakaa hapo na hema lake kuanzia tarehe saba mpaka utokee. Wewe uendeshe. Yeye atakaa kushoto, na atashuka kwenye yote kumi na mawili. Nikamwambia lile la tatu ni la kunyanyua kwa bega, litakuvunja. Akasema basi litanivunja.

Sijui kama kinatosha hicho. Nadhani na yeye hajui. Ila tangu Jumapili amekuwa akifanya mazoezi ya kupanda na kushuka kwenye pikapu nyuma ya ghala, akidhani simwoni.

Kama hutakuja, mwanangu, niandikie mstari mmoja tu kwamba u mzima. Huo nitaukubali.

Mama yako anayekungoja,
Ivy


Brisbane
30 Oktoba 1987

Mama, na Baba pia, maana najua utamsomea,

Shikamooni. Mimi ni mzima. Mstari uliouomba ndio huo. Hii mingine ni yangu.

Barua ya Septemba niliisoma mara moja nikaitupa kwenye sanduku la vifaa vya basi, pamoja na jeki. Ilikaa huko wiki tatu. Sikutaka kuiona. Wewe, Mama, uliogopa, na woga wako naujua tangu utoto, unaogopa hata kuku wakichelewa kuingia. Lakini Baba alijua. Nilisimama kwenye ule uwanja wa ndege na sanduku, yeye akakaza kamba za mizigo ya rubani na hakuinua kichwa. Nilidhani ni hasira. Laiti ingekuwa hasira.

Halafu ikaja hii ya Dooley na siagi yake. Nilicheka kwenye taa nyekundu mpaka machozi, abiria wakadhani nimerukwa na akili. Miaka tisa nimekuwa nikiitunza siri ambayo meza nzima iliijua ikiwa inatafuna.

Basi sikilizeni. Ninatoka Jumamosi tarehe 7. Jumatatu asubuhi nitakuwa mwisho wa lami. Hema lisipelekwe. Mageti matano ya kwanza nitayafungua mwenyewe, nishuke, nipite, nishuke tena, nifunge, kama dereva yeyote aliye peke yake. Ninauhitaji huo muda. Nataka nichemshe chai pale penye pampu bila mtu wa kunitazama.

Mama, wewe kaa nyumbani na geti lako la mwisho. Yetu sisi wawili tutayasema jikoni, na kisu utakiweka chini.

Baba anisubiri la sita. Asinitayarishie hotuba. Alifungue, nipite, alifunge, apande kushoto. Na kama nitamaliza la saba na la nane sijamsemesha, mwambie asidhani nimemnunia. Nitakuwa natafuta pa kuanzia.

Binti yenu,
Leonie